Nyanya Ambayo Haifiki Dar

Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi mwezi mzima na ushei. Wengine mkasikia niko shamba, mkanitumia pole. Pole ya nini jamani? Mtu akienda Zanzibar wiki moja mnampa hongera. Akienda Lushoto kuchuma nyanya mnampa pole kana kwamba kafiwa. Leo nazijibu pole zote kwa mpigo mmoja.

Nilikuwa kwa shangazi yangu, kwenye kijiji kimoja juu ya Soni, milima ya Usambara. Shangazi ana bustani ya robo ekari iliyokatwa ngazi ngazi kwenye mteremko. Juu kuna kabichi kidogo, pembeni karoti na mchicha wa kula nyumbani, lakini sehemu kubwa ni nyanya. Mwanzoni mwa Desemba aliteleza akivuka mfereji, akavunjika mguu. Nyanya ndiyo kwanza zilikuwa zinatoa maua.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Mwanawe wa mwisho, binamu yangu, anasomea uuguzi. Ada ya muhula wa pili ni shilingi 700,000, mwisho wa kulipa mwanzoni mwa Machi. Hiyo ada haikuwa benki wala kwenye simu. Ilikuwa kwenye maua ya nyanya. Maua yakianguka, muhula umeanguka. Mimi nilikuwa na siku zangu 28 za likizo ambazo sheria ya kazi inampa mwajiriwa, nikaomba 7 nyingine bila malipo. Jumla siku 35. Nikapanda basi Mbezi mapema Januari.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu neno kiangazi. Kwenye vitabu vya wenzetu wa Ulaya kiangazi ni likizo, bahari, mwavuli, na watu wamelala mchangani. Sisi wa Dar tunakijua kiangazi cha Januari: shuka limelowa jasho, feni inazungusha hewa ya moto, umeme ukikatika unatoka kukaa barazani kama umefukuzwa kwako. Lakini kuna kiangazi cha tatu ambacho hatukiongelei. Kule milimani, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai ni ukungu na baridi ya kukunja vidole. Kwa hiyo Januari ikifika na mbingu ikafunguka, watu wanatembea kama waliotoka kifungoni. Jua la mchana ni kali, lakini usiku unavuta blanketi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu sekondari.

Nikisema raha msinielewe vibaya. Sikuwa mtalii. Nilikuwa naamka saa kumi kasoro alfajiri.

Basi tuanze na hiyo saa kumi kasoro.

Maji ya kijijini kwa shangazi yanatoka juu msituni, yanashuka kwa mfereji wa udongo ambao babu zao waliuchimba, na yanagawanywa kwa zamu. Zamu ya shangazi ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi alfajiri mpaka saa tatu asubuhi. Ukichelewa, zamu haikusubiri. Kwa hiyo tunatoka gizani, mimi na binamu, tochi moja, majembe mawili, chupa ya chai. Kazi yetu ni kwenda kwenye njia panda ya mfereji, kuondoa kipande cha mgomba kilichoziba upande wetu, na kuziba upande wa jirani kwa tope na majani.

Halafu mnasubiri. Hapa ndipo raha ya kwanza ilipo. Unasikia maji kabla hujayaona. Kwanza ni mchakacho kama wa panya kwenye majani makavu. Kisha yanatokea mdomo wa maji yenyewe, yamebeba vijiti na majani na siafu waliokurupushwa usingizini, yanakuja polepole kama mgeni anayeulizia njia. Unayaongoza kwa jembe, tuta moja baada ya jingine. Miguu iko kwenye tope la baridi mpaka kwenye vifundo. Udongo uliokauka siku tatu unakunywa kwa sauti, na ile harufu inapanda. Wale wa mjini mnaijua harufu hiyo siku mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Sisi tulikuwa nayo mara mbili kwa wiki.

Nikauliza kwa nini tunapitisha maji chini tu, kwa nini tusinyunyize juu yakafika kote. Binamu akacheka. "Dada, ukilowesha majani unaita bakajani." Ndivyo nilivyojifunza: jani la nyanya likikaa na maji, ukungu unapata nyumba. Nyanya inataka miguu yenye maji na kichwa kikavu. Kwa maneno mengine inataka kuwa kama sisi wenyewe tulivyokuwa saa ile, magoti chini tope, mabegani kanga kavu.

Ijumaa ya pili maji hayakuja. Saa kumi ikapita, kumi na moja ikapita. Kuna mtu juu alikuwa ameyakata. Nikiwa mtu wa gazeti nilishaanza kuandika kichwa cha habari akilini: wakulima wagombea maji. Binamu akaniambia tulia. Akaenda kumgongea mzee anayesimamia mfereji, mzee akatoka na koti lake refu na fimbo, akapanda mlima taratibu. Baada ya nusu saa maji yakaja. Aliyekata akapewa adhabu ya kusafisha mita kadhaa za mfereji Jumapili, na Jumapili akaja akasafisha, akatusalimia, tukamkaribisha uji. Hakuna aliyeenda polisi wala aliyepigwa. Nikawaza, habari hii ningeipeleka chumba cha habari wangeniuliza: sasa habari iko wapi hapo?

Raha ya pili ni mikono. Nyanya za shangazi ni za kusimikia miti, kwa hiyo kila baada ya siku chache unapita mstari kwa mstari ukifunga shina kwenye mti kwa kamba ya mgomba na kung'oa vichipukizi vinavyoota kwapani mwa jani. Kichipukizi kikiachwa kinakuwa tawi, tawi linakula chakula cha tunda. Unakivunja kwa dole gumba, tiki. Kingine, tiki. Baada ya saa moja mikono imekuwa kijani, baada ya saa mbili imekuwa nyeusi, na ukienda kunawa povu la sabuni linageuka njano. Ile harufu ya jani la nyanya haitoki. Ilikuwa mikononi nikila, ilikuwa kwenye mto nikilala. Wiki ya kwanza niliichukia, wiki ya tatu nikawa nainusa makusudi.

Na kazi hii ina sifa moja ambayo kazi yangu ya Dar haina. Ukigeuka nyuma unaona ulichofanya. Mstari huu nimeumaliza, ule bado. Mimi nimeandika habari mia ngapi sijui, na sijawahi kugeuka nyuma nikaona mstari ulionyooka.

Chakula cha mchana tulikula chini ya mparachichi. Viazi mviringo vya kuchemsha, maharage, mchicha uliochumwa dakika kumi kabla ya kupikwa, parachichi lililoanguka lenyewe, chumvi kwenye karatasi. Redio ndogo imetundikwa kwenye tawi. Siku Yanga inapocheza, jirani yetu mpenzi wa Simba alikuwa anakuja kulima karibu na uzio ili asikie bila kuonekana anasikiliza. Januari ni msimu wa matunda kule. Pichesi, plamsi, peasi. Unapita njiani mtoto anakuambia "shikamoo" na kukutilia plamsi mkononi, hakuuzii, anakupa. Plamsi hizo hizo zikishuka mpaka Mombo barabara kuu, zinaingia kwenye ndoo ndogo na kupata bei kwenye dirisha la basi.

Saa za jioni watoto huoga kwenye kidimbwi ambapo mfereji unajikunja. Kelele zao ndizo saa ya kijiji. Zikinyamaza, jua limezama, na kila nyumba inatoa moshi.

Lakini sasa nifike kwenye nyanya yenyewe, maana ndiyo iliyoniamsha kuandika.

Nyanya ya kwenda Dar haichumwi ikiwa nyekundu. Inachumwa inapoanza kugeuka, bado ina kijani, kitako kimeanza kuwa na rangi ya waridi. Ikiwa imeiva kabisa haivumilii tenga, haivumilii kona za Soni, haivumilii usiku mzima kwenye lori juu ya nyanya wenzake. Kwa hiyo inachumwa mbichi kidogo na kuivia njiani. Inakuwa nyekundu, ndiyo. Lakini wekundu si utamu. Sukari ilipaswa kuendelea kuingia kutoka kwenye mmea, na mmea tumeuacha Lushoto.

Ile iliyopitiliza, iliyoiva nyekundu tii kwenye mti, yenye ufa mdogo begani, hiyo haina soko. Hiyo ni ya aliye shambani. Unaipangusa kwenye kanga, unainyunyizia chumvi, unaing'ata imesimama jua la saa sita, ina joto kama kitu kilicho hai, maji yake yanakushuka mpaka kwenye kiwiko. Mimi nimekula nyanya maisha yangu yote na siku ile ndiyo nilikula nyanya. Nyanya tamu kuliko zote haijawahi kufika Dar. Wala haitafika. Ndiyo maana nikasema msinipe pole.

Na tazama jambo hili. Sisi ndio tunaojiona tunakula vizuri. Shangazi, ambaye kwenye takwimu zetu ni mkulima mdogo wa kuhurumiwa, anakula nyanya ambayo tajiri wa Masaki hawezi kuinunua kwa bei yoyote, kwa sababu haibebeki.

Nimejiuliza kwa nini hatukuambiwa haya tulipokuwa watoto. Jibu nalijua, na wewe msomaji unalijua kama ulisoma shule kama yangu. Ukichelewa namba, kalime. Ukiongea darasani, kamwagilie bustani ya mwalimu. Ukifeli hesabu, jembe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba ili mtoto asitenganishwe na kazi ya wazazi wake. Wazo lilikuwa hilo. Kwenye shule yangu lilipofika likawa fimbo. Tukafundishwa kwa miaka saba kuwa jembe ni la mkosaji na kalamu ni ya aliyefaulu. Halafu tukishakua tunaambiwa vijana rudini shambani! Kutoka Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo Kwanza mwaka 2009, mpaka mradi wa BBT uliozinduliwa mwaka 2023, kila kizazi kinaitwa shambani na kaulimbiu yake. Sijasikia kaulimbiu hata moja inayotaja harufu ya maji yakiingia kwenye tuta. Zote zinataja tani.

Nasi waandishi tuna dhambi zetu za pamoja. Mkulima kwenye gazeti ana vitenzi vitatu tu: ameaswa, ametakiwa, au amelia. Wakulima waaswa kutumia mbegu bora. Wakulima watakiwa kujiunga na vikundi. Wakulima walia na bei. Hajawahi kucheka. Hajawahi kusikiliza mpira chini ya mparachichi.

Sasa kabla wale wenye mawazo ya haraka hawajaandika barua za kuacha kazi, niwaambie na upande wa pili. Kiangazi kinapunguza ukungu, lakini kinaleta mdudu. Yule kipepeo mdogo wa kijivu wa usiku ambaye wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Asili yake Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, akasambaa, na mwaka 2014 akaonekana Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 260. Kiwavi wake anachimba ndani ya jani kama mchimba madini, halafu anaingia kwenye tunda, na joto likizidi kizazi kipya kinakuja haraka zaidi. Wakulima wakampa jina: kanitangaze. Yaani nenda kanitangaze kwa watu kuwa nimefilisika. Nani alisema mkulima hana utani?

Wiki ya pili tukaona michirizi myeupe kwenye majani ya ngazi ya chini. Shangazi aliletwa kwa kiti, akakaa juu ya tuta, akalishika jani, akaligeuza kwenye mwanga, akanyamaza. Sijawahi kuona kimya kirefu hivyo. Mimi niliona jani, yeye aliona muhula wa binti yake.

Tukafanya yaliyowezekana. Majani yenye michirizi tukayang'oa yote na kuyachoma, matunda yaliyotobolewa tukayazika. Tukaweka mabeseni ya maji yenye sabuni, juu yake kibonge chenye harufu ya jike ambacho kinauzwa dukani, ili madume wakifuata harufu wazame. Usiku tukaning'iniza taa juu ya beseni moja. Dawa ya kupuliza tulitumia mara moja na tukabadilisha aina, maana mdudu huyu anazizoea haraka kuliko sisi tunavyozinunua.

Na hapo, katikati ya vita, ikapatikana raha nyingine ambayo sikuitegemea. Kila asubuhi mimi na binamu tulikuwa tunakimbilia mabeseni kuhesabu maiti. Hamsini na tatu! Themanini! Tunapiga kelele mpaka shangazi anauliza kutoka nyumbani: "Mama, ngapi leo?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikimjibu mia moja na kumi anapiga kigelegele, mguu ukiwa kwenye plasta. Ukiwa na kitu cha kupoteza, hata kuhesabu wadudu kunakuwa sherehe. Ngazi ya chini ilituponyoka karibu nusu. Zile za juu zikasimama.

Tukaanza kuchuma. Mara moja kwa wiki, mavuno matano. Siku ya kuchuma jirani anakuja kusaidia, tunaanza umande ukishakauka, tunachagua kivulini, tunapanga kwenye matenga. Na jioni anakuja mnunuzi.

Huyu mnunuzi ni mtu mcheshi, anamwita shangazi "bibi mkubwa", anauliza mguu unaendeleaje. Kisha anataka tenga lijazwe mpaka lipande juu ya ukingo, afunge kwa nyasi na kamba. Ni ile ile lumbesa ya magunia ambayo sheria ya vipimo inaikataza, ila imevaa tenga. Ukimwambia hiyo nyongeza ni kilo ngapi na nani anailipia, anacheka. Wiki ya kwanza tenga likawa shilingi 35,000. Ya pili 28,000. Ya tatu Dar ikawa imejaa nyanya kutoka kila upande, tukapewa 18,000.

Shangazi alipolalamika, yule bwana akasema neno ambalo nimerudi nalo Dar na halijanitoka. Akasema: "Bibi mkubwa, nyie huku mna raha. Hamlipi kodi ya nyumba, hewa safi, matunda ya bure. Sisi mjini ndio tunateseka."

Mnaona? Raha zote nilizowahesabia hapa, yeye alizijua. Akazitoa mfukoni kama hoja ya kupunguza bei. Maana yake ni kwamba mtu anayefurahia maji ya alfajiri ameshalipwa, hivyo tenga lake linaweza kwenda kwa nusu. Nikajisikia vibaya, kwa sababu mimi mwenyewe muda mfupi kabla nilikuwa nimekaa kivulini nawaza maneno yale yale, ila kwa lugha nzuri zaidi.

Shangazi hakupandisha sauti. Alimwambia: "Mwanangu, hewa safi nakushukuru kwa kuisifia. Lakini chuo hawapokei hewa." Yule bwana akacheka, sote tukacheka, na bei ikabaki 18,000.

Usiku ule tulifanya hesabu kwenye daftari, na tuliendelea kuifanya mpaka mwisho. Naiweka hapa kama ilivyo. Matenga 9 kwa 35,000. Matenga 16 kwa 28,000. Matenga 18 kwa 18,000, na 13 mengine kwa bei hiyo hiyo. Ya mwisho 6, bei ikapanda kidogo, 25,000. Jumla matenga 62, shilingi 1,471,000. Toa mbegu, samadi, mbolea ya dukani, dawa, vibonge vya mabeseni, miti ya kusimikia, siku za jirani: 640,000. Zikabaki 831,000. Toa ada 700,000.

Zikabaki 131,000. Hiyo ndiyo pesa ya shangazi kwa kazi iliyoanza kwenye kitalu mwezi wa tisa na kuisha Februari, mguu mmoja ukiwa umevunjika. Likizo yangu na siku zangu 7 bila malipo hazimo kwenye hesabu. Siku za binamu hazimo. Alfajiri za zamu ya maji hazimo.

Nilipomsomea hiyo hesabu nilitegemea atasikitika. Akasema: "Ada imelipwa?" Nikamwambia imelipwa, risiti hii hapa. Akaichukua, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pindo la kanga. Kisha akauliza kama nyanya zilizoiva sana zimebaki, achanganye na bilinganya kwa chakula cha jioni.

Nimetafakari sana kitu cha kuwaambia nyie ambao, kama mimi, mna digrii na simu nzuri na mnaota kununua ekari mbili Bagamoyo mkalime wikendi. Nendeni. Sitawavunja moyo. Raha zipo, tena za kweli, na hakuna kaulimbiu iliyowahi kuzitaja zilivyo. Mtu aliyelima kwa hiari yake ana haki ya kusema kulima kunafurahisha, na aliyezaliwa humo ana haki hiyo zaidi. Shangazi anaipenda bustani yake. Siku alipoweza kusimama kwa magongo, mahali pa kwanza alipokwenda si kanisani wala sokoni, ni kwenye tuta la karoti. Alizikagua kama mwalimu mkuu.

Ila tukatae jambo moja. Tukatae kuifanya furaha ya mkulima kuwa sehemu ya malipo yake. Daktari anayeipenda kazi yake hatumkati mshahara kwa sababu anaipenda. Mchezaji wa Simba anafurahia mpira kuliko sisi wote na bado analipwa. Nyanya iliyoiva kwenye mti ni ya shangazi, amejipa mwenyewe, hakupewa na mnunuzi. Nyanya ya kwenye tenga ilipwe bei ya tenga, na tenga liishie kwenye ukingo.

Binamu amesharudi chuo. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe, anasema wenzake wanamcheka kwa sababu kucha zake bado zina kijani. Nikamwambia awaambie hiyo ndiyo ada yenyewe.

Shangazi naye kanipigia juzi. Kitalu kipya cha kabichi kimeota. Anauliza mwezi gani nina siku tena. Nimefungua kalenda ya ofisini nikahesabu. Mpaka mwaka ujao sina hata moja. Nimemwambia nitakuja Pasaka, siku nne. Akasema siku nne zinatosha palizi moja, nisisahau kuja na viatu vya kufaa, na nije Alhamisi mapema, maana Ijumaa saa kumi alfajiri ni zamu yetu ya maji.